Koti la mvua kitandani na neno lililotuponyoka

Msomaji mmoja wa safu hii aliniandikia majuzi. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, ana kazi yake. Kila usiku kabla ya kuzima taa huvaa koti la mvua la plastiki, lile jepesi la kukunja, ndipo alale. Mkewe ameshazoea, ingawa humtania kwamba anachakacha kama panya aliyeingia kwenye juala. Msomaji huyu hakuniuliza kama ni vizuri au ni vibaya. Aliuliza hivi: "Mwalimu, jambo hili linaitwaje kwa Kiswahili? Nimechoka kulisemea kwa Kiingereza."

Nilikaa na barua hiyo siku nne bila kujibu. Sababu ni kwamba nilipokuwa chuo cha ualimu, sehemu yenye baridi ya kuuma mifupa, nililala chumba kimoja na mwenzetu aliyekuwa na mazoea hayo hayo. Sote tulikuwa watu wazima, tena walimu watarajiwa. Tulipomgundua, yeye alisema tu, "Mimi hulala vizuri hivi." Basi! Kufikia kesho yake asubuhi bweni zima lilikuwa limembandika jina: Juala. Wapo waliosema ni kikojozi, wapo waliosema amerogwa, na mmoja, ambaye alikuwa bingwa wa Kiingereza, alileta neno kubwa la kitabuni ambalo hakuna aliyelielewa, ila sote tulijua ni tusi. Muhula uliofuata Juala hakurudi. Jina lile nililitunga mimi.

Ndiyo maana nikaona heri nianze mbali kidogo, huko lilikotoka koti lenyewe.

Mnamo 1823 mwanakemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipata hataza ya kitambaa kisichopenya maji. Viwanda vya gesi ya taa wakati huo vilikuwa vinatupa lami ya makaa ya mawe, na Macintosh alikuwa akiinunua kwa ajili ya kazi yake ya rangi za nguo. Katika lami hiyo alipata nafta, mafuta makali yanayoweza kuyeyusha mpira. Akaupaka mpira huo ulioyeyuka kati ya vitambaa viwili, akavigandamanisha kama mkate na siagi. Hapo likazaliwa koti ambalo Waingereza hadi leo huliita kwa jina lake, japo waliongeza herufi k ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Msidhani lilikuwa vazi la raha. Kwenye baridi lilikakamaa kama ubao, kwenye joto likanata, na harufu yake, lo! Mafundi cherehani nao walilitoboa kwa sindano, mvua ikapita papo hapo kwenye mishono. Afueni ilikuja pale Charles Goodyear wa Marekani alipogundua mwaka wa 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hutulia, hauyeyuki wala haukakamai. Thomas Hancock, mshirika wa Macintosh, alipata hataza ya njia hiyo kule Uingereza. Plastiki ilikuja baadaye sana. Mwaka wa 1926 Waldo Semon, aliyefanya kazi na kampuni ya B.F. Goodrich, aliifanya PVC, iliyokuwa ngumu na isiyo na kazi, iwe laini na ya kupindika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili makoti ya plastiki ya kukunjwa na kutiwa mfukoni yakajaa Uingereza, na mwaka wa 1963 Mary Quant wa London akayatoa kwenye mvua na kuyaingiza kwenye mitindo, yakimetameta.

Huo mpira wa mwanzo, nasi tuna hisa ndani yake. Neno letu "mpira" lilikuwa jina la mmea na utomvu wake kabla hatujaanza kulipigia mateke uwanjani. Katika misitu ya pwani yetu hukua mtambaazi ambao wanabotania huuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mpira wa porini ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kupitia kisiwa hicho. Kule Kongo ya Mfalme Leopold utomvu wa mimea ya jamii hiyo uligeuka kuwa maafa, watu wakikatwa mikono kwa sababu ya vikapu visivyojaa. Makoti ya mvua hayakuwa chanzo kikuu cha uchu huo, magurudumu ya baiskeli na ya magari ndiyo yaliyouchochea zaidi, lakini soko lilikuwa moja.

Sasa kitandani lilifikaje? Kwa kweli lilifika mapema kuliko tunavyofikiri. Muulize muuguzi yeyote wa hapa nchini makintoshi ni nini. Hatakuonyesha koti. Atakuonyesha shuka la mpira linalotandikwa juu ya godoro la mgonjwa au la mama anayejifungua. Wengi wetu tulipokelewa duniani juu ya makintoshi. Na nyumbani je? Mama yangu alitandika karatasi ya nailoni chini ya shuka letu, na hadi leo nikisikia mchakacho wa plastiki, mvua ikigonga mabati, usingizi hunijia. Sijawahi kuvaa koti kitandani, lakini siwezi kujifanya simwelewi anayelivaa. (Kwa wenzangu wa Pwani: naam, "chakacha" ya ngoma ninaijua, lakini leo nasema chakacha ya majani makavu na ya plastiki.)

Daktari Mwingereza Donald Winnicott, katika makala yake ya 1953, alieleza jinsi mtoto anavyoshikilia ncha ya blanketi ili aweze kuvuka kutoka mikononi mwa mama hadi usingizini peke yake. Blanketi lina joto lake, harufu yake, mguso wake. Koti la plastiki nalo lina hayo yote, na sauti juu yake. Kwa wengine mambo huishia hapo, ni utulivu tu. Kwa wengine, watu wazima, mna pia ashiki, na hatuna haja ya kuzungukazunguka. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili jarida moja la Uingereza, London Life, lilikuwa likichapisha barua za wasomaji, wake kwa waume, waliosimulia mapenzi yao kwa makoti ya mpira. Watu hao walikuwepo kabla ya intaneti, wakinunua stempu na kuandikiana.

Hapa ndipo tunapokutana na lile neno kubwa la bingwa wetu wa bwenini. Ni fetishi. Ukilifukua utashangaa. Wareno waliofika pwani ya Afrika Magharibi waliziona hirizi na sanamu za wenyeji, wakaziita "feitiço", yaani kitu cha uchawi. Mwaka wa 1760 Mfaransa Charles de Brosses akaandika kitabu kizima juu ya ibada ya vitu hivyo, akiiona kuwa dini ya watu ambao bado hawajaerevuka. Kisha mwaka wa 1887 mwanasaikolojia Alfred Binet, Mfaransa vilevile, akalichukua neno hilo hilo na kuwabandika Wazungu wenzake waliopenda kiatu, nywele au kitambaa fulani kuliko kawaida. Kwa hiyo dharau iliyoandaliwa kwa ajili ya Mwafrika na hirizi yake ndiyo iliyomwangukia karani wa London na koti lake la mvua! Mwafrika akalisoma chuoni miaka mia baadaye na kumtusi nalo mwenzake. Wareno walituachia meza, leso na bendera. Hili hawakutuachia, tuliliagiza wenyewe.

Nami si msafi. Nilipowahi kupewa matini ya kitabibu nitafsiri, neno hilo nililiandika "ushirikina" katika ukurasa mmoja na "upotovu" katika mwingine. La kwanza ni kosa la maana. La pili ni hukumu, na mtafsiri si hakimu. Madaktari wenyewe wamekwisha kubadilika: mwongozo wa Wamarekani wa 2013, DSM-5, hauhesabu mvuto wa aina hii kuwa ugonjwa ila pale unapomtesa mwenyewe au kumdhuru mtu, na Shirika la Afya Duniani limeliondoa jina hilo katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Lugha yetu haina sababu ya kubaki nyuma ikiwaita watu wapotovu.

Basi nilimjibu msomaji wangu hivi. Ikiwa ni usingizi tu unaotafuta, hakuna haja ya istilahi, sema ni mazoea yako, ni raha yako. Ikiwa pana ashiki, napendekeza "mvuto wa vitu", na kwa lako hasa "mvuto wa plastiki". "Uraibu" uliache, maana linakufanya mgonjwa kabla hujapimwa. Nikamwongezea la shangazi: plastiki haipumui, jasho litakuchosha ngozi, kwa hiyo acha vifungo wazi, kofia yake isikaribie pua na mdomo, na watoto wasione kuwa ni mchezo wa kuigwa.

Alinijibu siku hiyo hiyo. Alishukuru, kisha akauliza sarufi: mkewe akitaka kulisema mbele ya daktari, aseme "mume wangu hulala na koti la mvua"? Nikamwambia hapana, bwana, ukisema "kulala na" watu wataelewa jingine. "Hulalia koti" nayo ni kuligeuza godoro. Aseme "hulala akiwa amevaa koti la mvua", inatosha.

Juala nimemtafuta kwa wenzetu wa darasa lile. Wawili wanalikumbuka jina nililompa. Jina lake halisi hakuna aliyelikumbuka, wala mimi.