Waridi Dogo Jekundu na Ndoo ya Maji

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Fungueni madaftari yenu. Leo ni somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Tutasoma habari za waridi dogo jekundu, lile linalofaa kupandwa mbele ya nyumba yenye kiwanja kidogo.

Pengine mzee mmoja darasani atasema, "Hilo ni ua la Wazungu." Na mama mmoja atauliza, "Maji je?" Maneno yote mawili yanastahili jibu.

Kwanza, waridi ni la nani? Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Katika milima ya Jabal Akhdar, nchi ya Oman, watu hulima miwaridi na kupika maua yake ili wapate marashi. Marashi yalifika Afrika ya Mashariki zamani sana. Karibu mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, naye akakaribishwa kwa marashi yaliyotoka Dameski. Mpaka leo, huko pwani, wageni wa harusi na maulidi hunyunyiziwa marashi kwa mrashi.

Lakini waridi la marashi si jekundu sana. Sikilizeni lugha yetu: tukisema "rangi ya waridi", hatuna maana ya rangi ya damu. Tuna maana ya nyekundu iliyofifia, kama iliyochanganywa na nyeupe. Basi wekundu ule mkali umetoka wapi?

Umetoka China. Watunza bustani wa huko walikuwa na miwaridi mifupi yenye maua mekundu, iliyochanua mara nyingi kwa mwaka. Karibu mwaka 1792 mmoja wa namna hiyo ulifika Uingereza. Watu wa Ulaya walistaajabu, maana miwaridi yao mingi ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Wakachukua unga wa ua la mmea mmoja, wakautia katika ua la mmea mwingine. Mbegu zake zikazaa aina mpya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari mmoja wa jeshi la Uswisi, jina lake Roulet, aliona miwaridi midogo mno katika vyungu, madirishani mwa nyumba za kijiji. Haikuwa bustani ya mfalme. Walioitunza ni wanakijiji. Aina hiyo ikaitwa Rouletii. Baadaye Jan de Vink wa Uholanzi aliichanganya na aina nyingine, akapata mwaridi usiofika nusu mita, wenye maua mekundu. Mwaka 1936 ulianza kuuzwa Marekani kwa jina la Tom Thumb.

Basi mzee wetu amepata jibu. Ua hili lina damu ya China, jina la Kiarabu, na kazi ya mikono ya Ulaya. Leo mashamba ya Naivasha, Kenya, hupeleka mawaridi Ulaya kwa ndege. Hakuna mtu awezaye kusema ni lake peke yake.

Sasa swali la mama. Historia ya maji katika nchi hii ni historia ya jasho. Mwaka 1906 msomi Mjerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala. Aliona jinsi watu wa uwanda wa juu wa Makonde walivyolazimika kushuka mbali mabondeni kuteka maji. Katika miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kupandisha maji kwa pampu. Hata hivyo, ndoo moja ya maji haikuwa kitu kidogo, na mwenye kuibeba alikuwa mama.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: maji ni ya watu kwanza, kisha ya mifugo, kisha ya waridi. Hapo ndipo faida ya mmea mfupi inapoonekana. Pandeni tawi lake mvua zinapoanza, katika debe lililotobolewa chini, lenye udongo na samadi iliyooza. Liwekeni penye jua la asubuhi. Funikeni udongo kwa majani makavu. Wakati wa kiangazi mwagieni maji yaliyooshea mchele au mboga. Ua likinyauka, likateni, ili jingine lije.

Na baba anayetaka waridi mlangoni pake, na abebe ndoo yake mwenyewe.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini waridi si ua la Wazungu peke yao?
2. Nani huteka maji nyumbani kwenu, na kwa nini ni yeye?
3. Andika sentensi tatu juu ya mmea uliofika kijijini kwenu kutoka mbali.