Kipupwe cha Rungwe na kuni zisizokauka

Rungwe si wilaya ya kukosa miti. Kati ya Kiwira na Tukuyu milingoti imesimama kando ya barabara, migomba imejaa mabondeni, na juu ya vyote umekaa msitu wa mlima unaofikia mita 2,960. Hata hivyo, Juni hadi Agosti, nyumba nyingi huhangaika kupata moto. Hoja yangu ni kwamba shida kubwa ya msimu huo ni ubichi wa kuni kuliko uchache wake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kipupwe, ambacho sehemu nyingi za nchi ni kikavu, huku huja na manyunyu na ukungu unaopandishwa na pepo za Ziwa Nyasa. Mti uliokatwa juzi, takriban nusu ya uzito wake ni maji. Maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, ndipo sufuria ianze kupata joto lake kamili. Kwa hiyo tita zima hufanya kazi ya nusu tita, na kinachobaki humwishia mpishi machoni.

Historia inaonyesha kwamba waliopanga nishati ya Rungwe walikuwa na mambo mengine akilini. Wajerumani walipohamisha makao yao kutoka Langenburg ya ziwani na kujenga Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, walifuata ubaridi wa milimani. Mwaka 1904 wakajaribu chai Kyimbila. Chai ni zao linalokula moto: kilo moja iliyo tayari hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi, na tofauti hiyo karibu yote ni maji yanayoondolewa kwa joto. Viwanda vikategemea kuni, na milingoti ikapandwa. Upande wa pili serikali ya Waingereza iliuhifadhi msitu wa mlima mwaka 1949 kwa ajili ya vyanzo vya maji, na mwaka 2009, miaka michache baada ya dunia kutangaziwa nyani aitwaye kipunji, ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Siulaumu uamuzi huo. Bila msitu ule hata mito ingekuwa mashakani. Lakini jiko la nyumbani limebakiwa na kingo za mashamba, mabanzi, magunzi na soko la matita.

Mtu atauliza: si kuna makaa ya mawe? Yapo, tena jirani. Mgodi wa Kiwira ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Ulilengwa kwa viwanda na umeme, kisha ukapita katika ubinafsishaji na kurudi serikalini. Ni miaka ya karibuni tu ambapo shirika la madini la taifa, STAMICO, limeanza kuyageuza makaa hayo kuwa mkaa mbadala wa kupikia. Kwa zaidi ya miaka 30 nishati ilikaa karibu na watu bila kuwafikia jikoni.

Pingamizi zito zaidi ni la gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na moshi wa kuni kweli unaua. Nakubali yote mawili. Ila mkakati wenyewe, kama jina lake linavyosema, ni wa kupikia, na moto wa Rungwe una kazi zaidi ya hiyo. Usiku wa Julai Tukuyu joto hukaribia nyuzi 10. Moto uleule uliopikia ndizi ndio watu wanaouota, ndio unaokausha nguo za shule na kuni za kesho zilizopangwa juu yake. Jiko la gesi halifanyi hayo kwa bei ambayo mkulima ataiweza. Ndiyo maana kaya yenye mtungi bado hutafuta kuni, au huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo la hatari zaidi kuliko moshi wenyewe kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Biogesi nayo, katika wilaya yenye ng'ombe wengi wa maziwa, ingefaa sana, ila vijidudu vinavyoizalisha hupunguza kasi kwenye baridi, wakati uleule inapohitajika zaidi.

Atabaki anayesema watu wakate kuni mapema wazikaushe. Ushauri mzuri, kwa mwenye shamba na pesa za kusubiri. Kiwanda kinaweza kununua kuni mwezi wa kumi na kuzihifadhi bandani mpaka zikauke. Anayenunua tita la leo kwa pesa ya leo hana Oktoba ya kuwekeza, na sijaona mpango wa kumkopesha. Banda la pamoja la kukaushia kuni za milingoti, likiendeshwa na vyama vya wakulima wa chai ambao tayari wana mizani, makarani na malipo ya kila mwezi ya kukatia deni, lingegharimu kidogo kuliko mitungi mingi inayogawiwa kwa sherehe.