Mbwa Kali

Binamu yangu aliumwa na mbwa getini hapa Wote akipeleka maziwa. Mwenye mbwa akanyoosha kidole kwenye kibao: "Si imeandikwa?" MBWA KALI, rangi nyekundu. Ile "m" ya mkali haipo, na ndani yake mimi nasikia Kiswahili cha setla, kile cha kuamrisha watumishi, kilichoangusha viambishi njiani.

Wengi tunaamini kibao ni kinga. Umeonywa, ukiumwa shauri yako. Lakini sheria za Kenya bado zimebeba kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na moja inasema mwenye mbwa analipa fidia ikithibitika alijua mbwa wake huuma watu. Mwaka 1846 kule Uingereza, katika kesi ya May na Burdett, mwenye tumbili alibanwa kwa sababu hiyo hiyo: alijua anauma, akaendelea kumfuga. Sasa wewe umepaka rangi mwenyewe kwamba unajua! Mwizi aliyeruka ukuta ana kesi yake, sawa, lakini muuza maziwa uliyemwita wewe?

Na kibao hakisemi kama mbwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka 1912, karibu na Nairobi, na mpango wa kukimaliza ifikapo 2030 uliiweka Makueni kati ya kaunti za kuanzia.

Binamu hakushtaki. Alimaliza sindano zake, na maziwa ya geti lile siku hizi anayaacha kwa jirani.