Norwei: kukamata kaboni na kuifungia chini ya bahari

Kukamata kaboni ni kuitenga gesi ya kaboni na moshi wa kiwanda, kuikandamiza, kisha kuisukuma ndani ya miamba chini sana, isizidishe joto la dunia.

Norwei ilianza kwa sheria. Mwaka 1991 serikali iliweka kodi juu ya kaboni inayotoka kwenye visima vya baharini. Kwa kuwa kodi ilikuwa nzito, mwaka 1996 kaboni ya kisima cha Sleipner ilianza kufungiwa chini ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2012 kituo cha majaribio kilifunguliwa Mongstad. Mwaka 2020 bunge lilikubali mradi wa Langskip, ambamo serikali inabeba sehemu kubwa ya gharama, pamoja na ya kiwanda cha simenti cha Brevik.

Hata hivyo, Norwei ingali inauza mafuta, na kazi hiyo ni ghali. Kwetu, udongo wa mabwawa ya Cuvette Centrale, katika Kongo zote mbili, umeshika karibu tani bilioni 30 za kaboni bila mashine yoyote. Tukiyakausha, kaboni hiyo itatoka. Agizo la Mwanzo 2:15 linatuhusu.