Ghala la pembe za ndovu kando ya Mto Thames

JENGO la Ivory House, yaani Nyumba ya Pembe za Ndovu, limesimama katika bandari ndogo ya St Katharine jijini London, karibu na daraja la Tower Bridge. Siku hizi lina makazi ya kifahari, maduka na mikahawa. Si wengi wapitao chini ya mnara wake wa saa wanaojua kwamba sehemu ya mali iliyolipa jina lake ilitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Bandari yenyewe ilifunguliwa mwaka wa 1828, ikiwa kazi ya mhandisi Thomas Telford. Ili kupata nafasi, zilibomolewa nyumba zipatazo 1,250 pamoja na hospitali na kanisa la tangu karne ya 12. Watu zaidi ya 11,000, wengi wao mafukara, wakahamishwa. Wenye nyumba walilipwa, wapangaji hawakupata kitu. Maghala yalijengwa ukingoni kabisa mwa maji ili shehena itoke melini na kuingia ndani moja kwa moja, isipitie mikononi mwa wezi.

Ivory House lilijengwa kati ya 1858 na 1860 kwa ramani ya George Aitchison. Nguzo na mihimili yake ni ya chuma, na sakafu zimebebwa na matao ya matofali, kwa kuwa moto ndio uliokuwa adui mkuu wa maghala ya London.

Pembe zilizowekwa humo ziligeuzwa vitana, vipini vya visu, mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake. Misafara iliichukua kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, ikavushwa kwa jahazi hadi Unguja, na nyingine ikapitia Bombay kabla ya kufika Ulaya. Wapagazi hawakuwa wote watumwa kama inavyodhaniwa mara nyingi. Wanyamwezi wengi walifanya kazi hiyo kwa ujira. Hata hivyo, mfanyabiashara kama Tippu Tip anakumbukwa kwa jina, ilhali waliobeba mzigo mabegani kwa miezi mingi hawatajwi popote katika jengo hilo.

Mabomu ya Wajerumani yaliteketeza sehemu kubwa ya bandari mwaka wa 1940. Ilifungwa mwaka wa 1968, na katika miaka ya 1970 ghala likageuzwa makazi.

Biashara yenyewe ilichelewa kufa. Kenya ilichoma tani 12 za pembe mwaka wa 1989, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Sheria ya Uingereza ya kuzuia uuzaji wa pembe ilianza kutumika Juni 2022. Hata hivyo, piano iliyoundwa kabla ya 1975, ikiwa pembe iliyomo haifiki asilimia 20, bado yaweza kuuzwa baada ya kusajiliwa.