Angkor: Siku moja katika mahekalu ya Wakhmer

MAHEKALU ya kale ya Wakhmer nchini Kambodia yametapakaa katika eneo la kilomita 400 mraba karibu na mji wa Siem Reap. Mgeni mwenye siku moja tu hana budi kuchagua, na hapo ndipo manufaa ya kukodi mwongoza watalii wake binafsi, mwenye leseni, hudhihirika.

Angkor Wat, lililojengwa na Mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12 kwa heshima ya mungu Vishnu, linaelekea magharibi, ilhali mahekalu mengi ya Wakhmer huelekea mashariki. Michongo ya kutani mwake hufuatwa kinyume na mwendo wa mishale ya saa, kama ilivyo katika taratibu za mazishi za Kihindu. Ndiposa wataalamu wengi huamini kuwa mfalme alikusudia liwe pia kaburi lake. Asiyeelezwa hayo huanzia upande usiofaa na kuambulia kuona mawe tu. Mchongo wa miungu na mashetani wakisukasuka bahari ya maziwa, wenye urefu wa takriban mita 49, wastahili nusu saa peke yake.

Alasiri yatosha Bayon, lenye nyuso kubwa za mawe, na Ta Prohm la mwaka 1186, lililokumbatiwa na mizizi ya miti. Yote mawili ni kazi ya Jayavarman wa Saba. Banteay Srei li mbali. Liachiwe siku nyingine.

Tiketi ya siku moja imekuwa dola 37 za Marekani tangu 2017, na ujira wa mwongozaji hulipwa kando. Mabega na magoti yafunikwe. Michongo nayo isiguswe, kwani mikono ya wageni imekwisha kuilainisha mahali pengi.