Kisiwani au Mrima? Mazungumzo juu ya Kilwa na Pwani ya Lindi



Kila mwaka siku za kufunga shule zinapokaribia, huzuka mabishano katika chuo chetu cha ualimu. Wanafunzi hubishana juu ya mahali pa kwenda kutembea wakati wa livu. Hawa husema, "Twende Kilwa Kisiwani tukaone magofu ya wafalme." Wale hujibu, "Kisiwani kuna nini ila mawe na mibuyu? Twende Kivinje, twende na Lindi, kwenye watu wengi na masoko na njia ya gari." Mwisho huja kwetu sisi walimu tuwakatie shauri. Leo twapenda kuwajibu mbele ya watu wote, kwa sababu swali hilo si jipya. Watu wa Kilwa wenyewe wameulizana hivyo kwa zaidi ya miaka elfu, wakae kisiwani au wakae Mrima. Nao hawakuwa wakichagua mahali pa kupumzika siku saba, bali mahali pa kuishi na kuzikwa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Jina la Kilwa lina miji mitatu. Kilwa Kisiwani ni ule mji wa kale ulio katika kisiwa. Kilwa Masoko ni mji wa Mrima unaokielekea kisiwa hicho, na ndipo yalipo makao ya wilaya. Kilwa Kivinje uko kaskazini ya Masoko, nao pia ni wa Mrima. Kati ya Masoko na Kisiwani pana mlango wa bahari wa kilometa kama mbili tu. Upepo ukiwa mwema, mashua huuvuka kwa muda mfupi. Lakini ni katika maji hayo machache kwamba habari yote ya Kilwa imefungwa, kama tutakavyoona.

Wazee wa zamani walisimulia kwamba alikuja mtu wa Shiraz, jina lake Ali bin al-Hasan, akakuta kisiwa kimo mikononi mwa mfalme mmoja wa Mrima. Akataka kukinunua. Mfalme akakubali, kwa sharti apewe nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatolewa, mfalme akazichukua akahamia ng'ambo. Lakini moyoni alikuwa na hila: alijua kwamba maji yakipwa watu huweza kuvuka kwa miguu, akakusudia kurudi usiku awaue wageni na kukitwaa kisiwa pamoja na nguo zake. Wageni wakatambua, wakachimba pale penye kivuko mpaka maji yakawa mengi. Mfalme alipokuja na watu wake akangoja bahari ipwe, nayo haikupwa. Akakata tamaa, akarudi kwake. Habari hii iliandikwa kwa Kiarabu, na Mreno João de Barros aliichapisha kwa lugha yake mwaka 1552.

Je, ni kweli? Miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick alichimba magofu ya Kisiwani kwa makini, akaona kwamba watu walikuwa wakikaa pale tangu karne ya 9, muda mrefu kabla ya wafalme waliojiita Washirazi. Wanachuoni wa leo hukubali kwamba mji ulikua mikononi mwa wenyeji wa pwani hii, waliochanganyika na wageni wa kuja na pepo za msimu. Na lugha yetu, ambayo mzizi wake ni wa Kibantu, yashuhudia hayo. Walakini hadithi ile isitupwe. Inatufundisha jinsi watu wa Kisiwani walivyojifikiria: kwamba bahari ndiyo boma lao, na kwamba adui atatoka Mrima.

Basi waliochagua kisiwa walipata walichokitaka. Bandari ilikuwa ya kina na salama, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwao. Mfalme al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzo wa karne ya 14, aliupanua Msikiti Mkuu kwa kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, akajenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja, lenye birika la pembe nane. Sarafu zake za shaba zilienda mbali: moja imepatikana Great Zimbabwe, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alifika Kilwa, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Akamsifu na mfalme huyo kwa ukarimu, hata watu walimwita Baba wa Vipawa. Siku moja, asema, mfalme alitoka msikitini, na maskini mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa. Mfalme akazivua akampa. Watu wakamsifu sana, na mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Kisha mfalme mwenyewe akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wanafunzi wetu huipenda sana hadithi hii. Lakini tumewazoeza kuuliza swali moja: watumwa wale ishirini walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe ajibu, maana asema kwamba mfalme yule alikuwa akivamia mara kwa mara nchi za bara na kuchukua mateka. Kumbe bahari iliyowazuia watu wa Mrima wasivuke kuja kisiwani haikuwazuia watu wa kisiwani kuvuka kwenda Mrima.

Maji yakijaa hupwa, ndivyo wasemavyo watu wa pwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaupiga mji, askari wake wakauteka nyara, wakajenga ngome. Nao wakaiacha mwaka 1512. Gereza linaloonekana leo ufukoni limejengwa baadaye na Waarabu wa Oman, juu ya mabaki ya ngome ile. Boma la bahari halikufaa kitu mbele ya adui atokaye baharini.

Hata upande wa Mrima boma hilo lilivunjika. Mwaka 1587 walikuja wapiganaji walioitwa Wazimba. Padre Mreno João dos Santos aliandika kwamba walikaa ng'ambo wakikitazama kisiwa, wala hawakujua njia ya kuvuka, mpaka mtu mmoja wa Kilwa akawaendea kwa siri, akawaonyesha mahali pa kupita maji yakipwa, kwa ahadi kwamba yeye na jamaa zake wataokolewa. Mji ukaingiliwa usiku, wakafa watu kwa maelfu. Kisha mkuu wa Wazimba akaamuru yule mtu afungwe pamoja na jamaa zake na kutupwa baharini, kwa kuwa mwenye kuusaliti mji wake hafai kuishi. Angalieni, wasikilizaji: kivuko ni kile kile cha hadithi ya nguo. Waliokichimba wazee kwa jembe, mjukuu alikifungua kwa ulimi.

Kilwa ilijiinua tena katika karne ya 18, lakini kwa biashara mbaya. Mwaka 1776 mfalme Hasan bin Ibrahim aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, ampatie watumwa 1000 kila mwaka, kila mmoja kwa reale 20, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Mwenye kutaka kuyaona magofu kwa fahari tupu na aukumbuke mkataba huo.

Ndipo watu walipoanza kuchagua Mrima. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilishuka Kivinje, si Kisiwani, maana wachukuzi na pembe na mateka walifika kwa miguu, na bandari iliyo Mrima ilikuwa karibu nao. Waarabu wa Oman wakamwondoa mfalme wa mwisho wa Kisiwani, wakampeleka Maskati. Wenye mali wakahamia Kivinje, na kisiwa kikabaki na wavuvi na wakulima wachache, majumba yakaota miti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa kuliko zote za pwani ya kusini. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na mwaka 1876 akakataza misafara yao. Lakini biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingi.

Kisha walikuja Wajerumani. Septemba 1888 watu wa Kivinje waliinuka, wakawaua Wajerumani wawili wa kampuni iliyotaka kuitawala pwani. Mwaka 1890 von Wissmann akautwaa mji kwa mizinga. Hassan bin Omari, aliyeitwa Makunganya, akaendelea kuwapinga mpaka alipokamatwa, na mwaka 1895 akanyongwa pale Kivinje katika mti wa mwembe. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, watu wa milima ya Matumbi, waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu, waliing'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Vita vikaenea kusini yote, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Tukienda mbele mpaka Lindi, Mrima una jambo jingine la ajabu. Katika kilima cha Tendaguru, tangu 1909 hata 1913, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa waliokufa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Mamia ya watu wetu walichimba, na wachukuzi wakaibeba mizigo vichwani safari ya siku kama nne mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake limepewa mjusi mmoja wa kale mwaka 2007. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13. Wajukuu wa waliombeba hawawezi kumwona bila kusafiri mpaka Ulaya.

Basi, kisiwa au Mrima? Aendaye kisiwani peke yake hurudi na kiburi, asema, "Tulikuwa wafalme." Aendaye Kivinje peke yake hurudi na huzuni, asema, "Tulikuwa watumwa." Wote wawili wamesema nusu ya neno. Walionyanyua kuba na waliofungwa minyororo wamo wote katika nasaba zetu, na pengine wamo katika nasaba ya mtu mmoja. Twajua ni rahisi kwa mwalimu kufundisha nusu moja tu, ile impendezayo. Sisi wenyewe tumefanya hivyo darasani, mpaka mwanafunzi mmoja alipotuuliza mawe yale yote ya Husuni yalibebwa na nani. Tulinyamaza. Tangu siku ile hatufundishi kisiwa bila Mrima.

Kwa hiyo shauri letu kwa wenye siku saba ni hili. Anzeni Mrima. Fikeni Kivinje, mtembee katika mitaa ya nyumba za zamani, mwulize wazee walipo mwembe wa Makunganya na njia ya misafara. Kisha mwende Masoko, mpate kibali cha kuyaona magofu, mngoje maji yajae, mvuke. Huko Kisiwani msipande juu ya kuta wala kuchora majina, wala msiokote kigae hata kimoja. Maana magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliandikwa mwaka 1981 katika urithi wa dunia, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuliwa na bahari na mvua, mpaka yalipotengenezwa yakaondolewa humo mwaka 2014. Yalipona kwa kazi ya mikono. Yaweza kuharibika kwa mikono vile vile.

Na jioni, kabla ya kurudi, simameni juu ya Husuni Kubwa. Mkiisha kuitazama bahari iliyoleta merikebu, geukeni mwitazame na Mrima mliotoka. Mkiweza kuziona pande zote mbili pasipo kuona haya kwa huu wala kujivuna kwa ule, livu yenu haikupotea bure.

Kwaherini.